Motokaa Iliyokuwa Chongo

Wasomaji wa jarida letu wameona motokaa za kila namna, lakini nadhani ni wachache waliopata kuona motokaa inayofumba macho. Mimi nimeiona, wala si kuiona tu. Nimelifungua jicho lake la kushoto juu ya meza, nikalisafisha na kulirudisha mahali pake. Mhariri ametutaka tuandike habari za likizo. Najua wenzangu wengi wataandika habari za harusi na mbuga za wanyama, basi mimi nitaandika habari za jicho hilo.

Motokaa yenyewe ni Eunos Roadster, ya milango miwili na viti viwili, yenye paa la turubai. Ilitengenezwa Japani na kampuni ya Mazda, ambayo ilianza kuiuza mwaka 1989. Katika nchi nyingine huitwa MX-5. Mchana taa zake kubwa za mbele hazionekani kabisa. Zimelala ndani ya pua ya gari, zimefunikwa na vifuniko viwili vya rangi ile ile ya bodi. Dereva akiwasha taa, vifuniko huinuka pamoja na taa zake, kama chura anayechungulia kutoka majini. Sisi pale gereji tuliviita kope.

Jambo hili si geni duniani. Motokaa ya Kimarekani iitwayo Cord 810 ilikuwa na taa za namna hii mwaka 1936, ila ile haikuwa na mota. Dereva alizungusha vishikio viwili kwa mkono, kimoja kwa kila taa. Baadaye watengenezaji wa motokaa za mbio walizipenda sana, kwani walitaka pua ya gari iwe chini ipasue upepo, na huku sheria za Marekani zilitaka taa ziwe juu ya ardhi kwa kipimo fulani. Za mwisho kutengenezwa kwa wingi, Chevrolet Corvette na Lotus Esprit, zilikoma kuwa na taa hizo mwaka 2004. Mazda wenyewe walikwisha kuziacha katika toleo la pili la motokaa hii, lililoanza kuuzwa 1998. Mimi naona ni hasara. Mjomba asema ni nafuu, maana kitu kisichotembea hakichakai upesi.

Mjomba wangu ana gereji Temeke, Dar es Salaam, chini ya mwembe, na kwake ndiko nikaako wakati wa likizo. Ameniruhusu niandike haya yafuatayo. Kwa miaka miwili macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Daktari alimwambia kuwa ni mtoto wa jicho, katika macho yote mawili, na kwamba dawa yake ni kupasuliwa, kutolewa lenzi iliyochafuka na kutiwa nyingine safi. Mjomba hakukataa, lakini alikuwa akiahirisha. Aliogopa zile siku za kukaa bila kazi, na zaidi aliogopa wateja wasije wakajua. Kazi kubwa aliziweza bado, maana injini aijua kwa mkono na kwa sikio. Kazi ndogo ndogo zilikuwa zimeanza kumshinda, na waya mwekundu na wa kahawia kwake ulikuwa mmoja.

Ile Eunos ililetwa Jumatatu moja ya mwezi wa Juni 2025. Mwenyewe alikuwa mama mjane. Marehemu mumewe ndiye aliyeipenda. Kope ya kulia ilifanya kazi. Ya kushoto ilikuwa imefungwa kwa waya isianguke, na jicho limekodoa mchana na usiku. Fundi mmoja wa zamani, ambaye simjui wala sitaki kumjua, aliuchomoa mkono wa chuma unaoiunganisha kope na mota, akaifunga kope juu, akachukua fedha zake. Mvua za masika mbili zilipita katika tundu lile.

“Fundi,” akasema yule mama, “kuna kijana atakuja Jumamosi jioni kuitazama. Asema hanunui gari chongo.”

“Ukipenda chongo huita kengeza, mama,” akajibu mjomba.

“Yeye hajaipenda bado.”

Mota nyingine ingalipatikana kwa kuagizwa Japani, lakini isingalifika Jumamosi. Fedha za gari lile zilikuwa ada ya chuo ya mwanawe, na ndani yake mlikuwa na ujira wa mjomba wa kazi tatu ambazo hajalipwa. Usiku ule, tukila, mjomba aliniambia kwamba akilipwa ataifunga gereji akapasuliwe jicho moja, maana mimi ningekuwapo nyumbani kumwongoza na kumtilia dawa. Likizo ikiisha, hakuna wa kumshika mkono. Sikulala mapema siku hiyo.

Asubuhi tulianza kwa kuchomoa fyuzi ya mota hizo. Hili ni jambo la lazima, kwani mota ikiamka ghafula na kidole chako kipo katikati ya vyuma, kidole si chako tena. Juu ya kila mota mna kitufe kilichofunikwa kwa kofia ya mpira, nacho huzungushwa kwa mkono ili kuinua taa ikiwa umeme umekufa njiani. (Yule fundi wa waya laiti angalikijua!) Kofia ya kushoto ilikuwa imepasuka kwa uzee. Nilikizungusha kitufe, kilikuwa kizito, kikisaga kama mchanga, lakini mkono wa mota ulizunguka. Kwa hiyo giya zilikuwa nzima. Tulirudisha fyuzi, nikaweka mita kwenye plagi ya waya. Mjomba akabonyeza swichi, na mita ikasoma volti 12. Basi umeme ulifika mlangoni, ila ndani hakuna aliyeupokea.

Tuliikata betri, nikafungua boliti kwa spana namba 10, nikaitoa mota. Ni kitu kidogo cha kushikwa kwa mikono miwili. Tuliiunganisha na betri mezani: kimya. Mjomba akaigonga polepole kwa mpini wa bisibisi huku ameinamisha sikio. Mota ikazunguka kidogo, ikanyamaza tena. “Kaboni hazigusi,” akasema. Hakuwa ameona kitu, alisikia tu.

Hapa yafaa nieleze inavyofanya kazi, kwa kuwa nilifurahi mno kuyaona kwa macho yale tuliyochora daftarini katika somo la sumaku na umeme. Ndani ya mkebe mna sumaku mbili, na katikati yake nyaya zilizosokotwa juu ya mhimili. Kaboni mbili husukumwa na springi zikagusa pete ya shaba iliyokatwa vipande, zikiingiza umeme katika nyaya. Nguvu ya sumaku huzisukuma nyaya, mhimili ukazunguka. Mbele ya mhimili mna parafujo inayosukuma giya kubwa. Parafujo huweza kuizungusha giya, lakini giya haiwezi kuizungusha parafujo. Ndiyo maana upepo wa barabarani hauwezi kuilaza kope.

Lakini lililonishangaza zaidi ni hili. Mota hii haigeuki nyuma. Huzunguka upande mmoja siku zote, na mkono wake huzunguka kama pedali ya baiskeli; nusu ya mzunguko huinua kope, nusu ya pili huishusha. Sasa itajuaje pa kusimama? Jibu lake ni sahani yenye njia za shaba, na vidole vidogo vinavyoteleza juu yake. Mkono ukifika juu kabisa, kidole hufika mahali ambapo shaba imekatika. Umeme hukatika na mota husimama. Ukizima taa, umeme huletwa kwa njia nyingine mpaka mkono ufike chini, nayo pia hukatika. Hakuna kompyuta hapo, wala kifaa chochote cha kufikiri. Nilikaa nikiizungusha sahani ile mpaka mjomba akaniuliza kama nimelala.

Tulipoufungua mkebe, maji yenye kutu yalimwagika mezani. Kaboni moja ilikuwa imeliwa ikabaki kama punje ya mahindi; ya pili ilikuwa imegandishwa na kutu ndani ya nyumba yake, isiweze kusogea. Grisi ilikuwa imekuwa kama nta ya mshumaa. Niliosha giya kwa petroli. Pete ya shaba niliipiga msasa laini sana, nikakwangua nafasi kati ya vipande kwa sindano. Ile sahani mjomba hakutaka iguswe kwa msasa, kwani shaba yake ni nyembamba, akauliza, “Huna raba ya kufutia?” Niliyo nayo ni ya shule, nami niliisafisha sahani nzima kwa raba ile mpaka ikang’aa.

Kaboni ndizo zilizotutesa. Jumatano nilikwenda Kariakoo, nikazunguka kwa wauza vipuri mpaka miguu ikavimba. Kila muuzaji aliuliza, “Umetumwa na kaka yako?” na kila mmoja nilimwambia kuwa nimejituma mwenyewe. Mwisho nilinunua mota iliyokufa ya kioo cha mlango, ambayo kaboni zake zilikuwa nene kuliko zetu. Kaboni nene si neno. Hukatwa, mradi usiifanye ikacheza katika nyumba yake wala ikakwama. Nilizisugua juu ya msasa Alhamisi kutwa. Mimi nilisugua, mjomba alipima kwa kucha ya kidole gumba, akisema, “Bado,” “Bado,” “Upande huu bado,” naye hakukosea hata mara moja. Kisha nilizilehemu waya zake kwa risasi.

Kuurudisha mhimili kuna hila yake. Springi huzisukuma kaboni mbele, nao mhimili hauingii. Mjomba alinifundisha kuzifunga kaboni kwa uzi wa cherehani zirudi nyuma, kuuingiza mhimili, halafu kuuvuta uzi utoke. Zamani hufanya hivyo mwenyewe kwa pumzi moja. Safari hii alijaribu kuupitisha uzi, akakosa. Akajaribu tena, akakosa. Akaniwekea uzi mkononi bila kusema neno, akasimama nyuma yangu akanishika viwiko visitetemeke. Mara ya kwanza niliyovuta, kaboni zote mbili zilirukia mahali pake. Alisikia ule mlio, akasema, “Haya, funga.”

Tulitia grisi mpya, tukakata kofia kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, na pale ambapo kiungo cha mkono kilikuwa kimelegea nilikaza kwa kipande cha plastiki nilichokata kwenye dumu. Ijumaa jioni tulibonyeza swichi. Kope zote mbili ziliinuka. Ila ya kushoto sasa ilikuwa nyepesi kuliko ya kulia, ambayo haijafunguliwa tangu ilipotoka kiwandani. Ikawa inatangulia, na gari linamkonyeza kila aliyesimama mbele yake. Watoto wa mtaani walikuja kukonyezwa mpaka mama zao wakawaita.

Kijana alikuja Jumamosi, magharibi imekwisha kuingia. Mjomba alimwambia yote: kaboni zimetoka katika mota nyingine, kofia ni ya baiskeli, na mkono uliofanya kazi ni wa mpwa wake. Yule kijana alinitazama, akatazama kope, akawasha na kuzima labda mara ishirini. Alipunguza bei kidogo, kwa sababu ya ile ya kulia, halafu akacheka na kulipa. Yule mama aligusa boneti kwa kiganja, akaingia ndani upesi kunywa maji ambayo sidhani alikuwa na kiu nayo.

Jumatano iliyofuata mjomba alipasuliwa jicho la kushoto. Siku kumi na moja nilimtilia dawa, nikamzuia kuinama na kushika mavumbi, kazi iliyonishinda kuliko kaboni. Bandeji ilipoondolewa, neno lake la kwanza lilikuwa kwamba gereji ni chafu mno, na kwamba hakuna aliyemwambia.

Tumekubaliana na mwenye gari mpya kuifungua mota ya kulia mwezi wa Desemba, mtihani wetu wa Kidato cha Nne ukiwa umekwisha. Kaboni za ziada ninazo sandukuni hapa bwenini, ndani ya kikebe cha kalamu. Mjomba ameniandikia nisizipoteze, wala nisizisugue kabla yeye hajazipima; na uzi, asema, safari hii ataupitisha yeye.