Radburn, mtaa ambao mtoto huenda shule bila kuvuka barabara

Mzazi anayeishi mjini anaijua saa ile ya asubuhi. Mtoto amevaa sare, begi liko mgongoni, na kati ya mlango wa nyumba na lango la shule kuna barabara ambayo pikipiki na magari hayamsubiri mtu. Kuna mzazi anayemshika mwanawe mkono hadi ng'ambo, kuna anayelipia gari la shule, na kuna anayebaki mlangoni akimwomba Mungu mtoto afike salama.

Wamarekani walikuwa na hofu hiyohiyo katika miaka ya 1920. Kufikia mwaka 1929 nchi yao ilikuwa na magari zaidi ya milioni 20, lakini mitaa mingi ilikuwa imepangwa zamani za farasi na mikokoteni. Watoto waliozoea kucheza barabarani wakawa wanagongwa. Ndipo wasanifu wawili wa New York, Clarence Stein na Henry Wright, wakajiuliza swali jepesi: je, unaweza kuchorwa mtaa ambao gari lina njia yake na mtoto ana njia yake, na wawili hao wasikutane?

Jibu lao linaitwa Radburn. Uko katika mji mdogo wa Fair Lawn, jimbo la New Jersey, ng'ambo ya mto Hudson kutoka New York. Familia za kwanza zilihamia mwaka 1929, na hadi leo watu wapatao 3,000 wanaishi humo. Wanafunzi wa mipango miji husoma habari zake, na mwaka 2005 serikali ya Marekani iliutambua kuwa miongoni mwa maeneo ya kihistoria ya taifa.

Nyumba zilizoipa barabara mgongo

Mgeni hufika Radburn kwa treni. Kituo chenyewe kinaitwa Radburn, na kutoka hapo ni mwendo mfupi kwa miguu. Kwa haraka mtaa hauna ajabu. Kuna nyumba za ghorofa moja juu, paa za mteremko, ua wa majani na miti mikubwa. Ajabu huanza mtu anapotafuta mlango wa mbele.

Magari huingia kwa vichochoro vifupi visivyotokea upande wa pili. Kwa kuwa havitokei popote, hakuna dereva anayepita humo akikimbilia kwingine. Anayeingia ni mkazi, mgeni wake au mleta mizigo. Jiko na gereji vinatazama kichochoro hicho, lakini sebule imegeuzwa upande wa pili, kwenye bustani. Kati ya safu za nyumba kuna njia za miguu, na njia hizo zote zinamwagikia katika bustani kubwa iliyo katikati ya kitalu.

Bustani hizo ni mbili, moja inaitwa A na nyingine B. Vichochoro vinavyozunguka bustani A vina majina yanayoanza na herufi A, na vya bustani B vinaanza na B, kama vile Burnham Place na Bristol Place. Hata mtoto mdogo aliyepotea anajua aelekee upande gani.

Kati ya bustani hizo mbili kuna barabara ya magari iitwayo Howard Avenue. Wajenzi hawakuweka kivuko juu yake. Walichimba njia ya miguu chini yake. Mtoto wa bustani A hushuka, hupita chini ya magari, hutokea bustani B, kisha hutembea kwenye majani hadi Shule ya Msingi ya Radburn. Gari analisikia likinguruma juu ya kichwa chake, na hilo tu.

Nani anafyeka majani?

Hadi hapo sifa ni za wasanifu. Lakini bustani haijifyeki, taa haijibadilishi, na bwawa la kuogelea likikaa bila kusafishwa huwa makazi ya vyura. Waanzilishi wa Radburn walilijua hilo kabla nyumba ya kwanza haijauzwa. Mwanasheria wao, Charles Ascher, aliandika masharti yaliyofungamanishwa na ardhi yenyewe, na kikaundwa chama cha kuyasimamia.

Utaratibu ni huu. Anayenunua nyumba Radburn hanunui matofali peke yake. Ananunua pia masharti. La kwanza, atalipa ada ya kila mwaka kwa chama. La pili, hatabadilisha sura ya nje ya nyumba yake, kuongeza chumba au kujenga gereji bila idhini. Akiuza, masharti yanabaki na nyumba na kumfuata mnunuzi mpya. Na asiyelipa ada, deni huishika nyumba, hivyo siku ya kuuza haliepukiki.

Ada hizo ndizo zinazotunza takribani ekari 23 za bustani, mabwawa mawili ya kuogelea, viwanja vya tenisi na vya besiboli, kiwanja cha watoto wadogo, na jengo la jumuiya liitwalo Grange, lenye ofisi, ukumbi na maktaba. Wakati wa likizo ndefu ya kiangazi, chama huendesha michezo na shughuli za watoto. Mzazi anayekwenda kazini anajua mwanawe yuko bustanini, na ana mtu mzima wa kumwangalia.

Kodi ya mji iko palepale. Polisi na shule ni vya Fair Lawn, na mkazi wa Radburn huvilipia kama jirani yake aliye nje ya mtaa. Ada ya chama inaongezeka juu ya hiyo. Kwa familia yenye watoto watatu wanaoogelea kila siku, hiyo ni bei nafuu. Kwa mzee anayeishi peke yake, ambaye hajagusa maji ya bwawa kwa miaka kumi, ni mzigo. Wote wawili hulipa.

Pale mkataba ulipokwisha

Ili kuona chama hicho kina kazi gani, inafaa kuvuka mto hadi Queens, New York. Huko kuna mtaa uitwao Sunnyside Gardens, ambao Stein na Wright waliuchora kabla ya Radburn, kati ya 1924 na 1928. Nao ulijengwa kwa wazo la kuchangia. Nyumba zilipangwa kuzunguka ua mkubwa, na kila mwenye nyumba alitoa kipande cha nyuma ya nyumba yake kiwe sehemu ya bustani ya wote. Watoto walikimbia kutoka mwanzo wa kitalu hadi mwisho bila kukutana na ukuta.

Lakini masharti ya Sunnyside yaliwekewa miaka 40. Katika miaka ya 1960 muda ukaisha, na kila mmoja akarudishiwa kipande chake. Hapakuwa na ugomvi mkubwa wala tingatinga. Mmoja aliweka uzio kwa sababu ya mbwa. Mwingine alitaka faragha. Mwingine akakata mti apate pa kuegesha gari. Kidogo kidogo bustani zikakatwa vipande, na uwanja wa watoto mia ukawa viwanja vidogo vya mtoto mmojammoja.

Mwaka 1974 jiji la New York liliingilia kati kwa kuupa mtaa huo ulinzi maalumu, na mwaka 2007 likautangaza kuwa eneo la kihistoria. Sheria hizo zilizuia uharibifu zaidi, lakini uzio mwingi uliokwisha kujengwa ulibaki.

Wasanifu walikuwa walewale, na nia ilikuwa ileile. Tofauti ni kwamba Radburn masharti bado yana nguvu, na kila mwaka kuna chombo kinachokusanya fedha na kumwambia jirani, kwa upole au kwa barua, kwamba uzio huo haukuruhusiwa.

Anayelipa, je, anachagua?

Chombo chenye nguvu ya kukataza uzio kina nguvu ya kufanya mengine pia. Hapo ndipo Radburn ilipotikisika.

Kwa miongo mingi chama kiliongozwa na wadhamini. Wakazi walipiga kura, lakini majina ya wagombea yaliletwa na wadhamini wenyewe pamoja na waliowahi kuwa wadhamini. Hao tu ndio waliohesabiwa kuwa wanachama kamili. Mtu angeweza kuishi humo miaka 30, akalipa kila senti, na katika maandishi asiwe mwanachama wa chama alichokilipa.

Wenye kuutetea utaratibu huo walikuwa na hoja. Waanzilishi walitaka bustani zilindwe na watu wenye uzoefu, wasioyumbishwa na hasira za msimu mmoja wa uchaguzi. Na kweli, bustani zilikuwepo, mabwawa yalikuwa safi, na vitabu vya mipango miji viliusifu mtaa duniani kote. Wakazi wengi waliona hakuna sababu ya kugombana.

Mambo yalibadilika lilipokuja suala la kiwanja kimoja cha michezo, Daly Field, kuuzwa ili zijengwe nyumba. Waliopinga walipouliza wafanye nini, waligundua njia zao ni chache. Mwaka 2006 baadhi ya wakazi walikwenda mahakamani. Walitaka mambo mawili: waione mahesabu kwa ukamilifu, na wapate haki ya kuteua na kuchagua viongozi.

Mahakama iliwapa la kwanza. Chama kikatakiwa kuweka wazi mapato na matumizi yake. La pili hawakulipata, na mwaka 2010 mahakama ya rufaa ilikubali kwamba muundo wa chama haukuvunja sheria iliyokuwepo. Kwa hiyo waliotaka kura ikawabidi waende kwa watunga sheria. Ilichukua miaka. Mwezi Julai 2017, gavana wa New Jersey alitia saini sheria iliyosema kwamba katika vyama vya aina hii jimbo zima, kila mwenye nyumba ni mwanachama, na ana haki ya kupendekeza majina, kugombea na kupiga kura. Watu wengi huiita Sheria ya Radburn.

Hivyo mtaa uliofundisha dunia namna ya kumtenga mtoto na gari umefundisha jimbo lake somo la pili, lililochelewa karibu miaka 90: anayelipa ada ana haki ya kuona daftari na kuchagua mshika daftari.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Radburn haikukamilika. Ilipangwa iwe mji wa watu 25,000, lakini mdororo mkubwa wa uchumi ulianza mwaka uleule wa 1929, na kampuni iliyoujenga ikafilisika katikati ya miaka ya 1930. Ardhi iliyobaki ikajengwa mitaa ya kawaida. Kilichosalia ni kipande kidogo cha ndoto, na kimedumu kwa sababu kila kizazi cha wakazi kimekubali kukilipia.

Vyama vya aina hiyo sasa ni vingi sana Marekani. Inakadiriwa zaidi ya watu milioni 70 wanaishi chini yake. Afrika Mashariki navyo vinaongezeka, kuanzia kamati ya mtaa inayokusanya fedha za mlinzi wa geti hadi majengo ya ghorofa yenye lifti na tangi la maji la pamoja. Tanzania ilitunga sheria ya umiliki wa sehemu za jengo mwaka 2008, na Kenya ikatunga yake mpya mwaka 2020. Zote zinawapa wenye nyumba chombo chao cha kusimamia vitu vya pamoja.

Familia inayohamia katika mtaa wa namna hiyo kwa kawaida huuliza ada ni kiasi gani. Ni swali la haki, hasa mwezi unapokuwa mrefu. Lakini yale yaliyotokea Sunnyside na Radburn yanaongeza maswali mengine manne. Masharti haya yanaisha lini, na yakiisha uwanja wa watoto utakuwa wa nani? Mahesabu yanasomwa wapi, na mara ngapi kwa mwaka? Je, mwenye nyumba wa kawaida anaweza kugombea? Na kiwanja kikitakiwa kuuzwa, ni nani atakayeulizwa kwanza?

Asubuhi ya siku ya shule, watoto wa bustani A bado hupita chini ya Howard Avenue. Wazazi wao wanapitia barua ya mkutano wa mwaka, wakilalamikia ada kama kawaida, na wanalipa.