Marumaru ya Kupanga

Glezi ya maji hukupa dakika 10, ama 15 kukiwa na baridi. Ukuta unaupaka nyeupe yenye mng'ao kidogo, unauacha ukauke kabisa, halafu unapitisha glezi yenyewe, ute mwepesi uliotiwa kijivu kiduchu. Ikiwa bado mbichi unaigongagonga na sponji yenye unyevu, kisha unachora mishipa kwa unyoya wa kuku. Mkono ukitetemeka, afadhali. Mshipa ulionyooka haumdanganyi mtu. Kazi ni ya watu wawili: mmoja anapaka, mwingine anamfuata nyuma kabla ukingo haujakauka, la sivyo alama inabaki na haitoki.

Wateja wangu wengi ni wapangaji. Wakihama, mwenye nyumba anakata dipoziti anapaka krimu juu ya kila kitu. (Krimu! Nairobi nzima inalala kwa krimu.) Dada mmoja wa bedsita huko Zimmerman alitaka ukuta mmoja tu, ule anaouona akiamka. Nikamkumbusha dipoziti.

"Fundi, hiyo ataikata hata nikiacha ukuta msafi. Wewe chora."