Juma Moja Bagamoyo

Wasomaji wengi wa bara wamelisikia jina la Bagamoyo, walakini waliofika katika mji wenyewe ni wachache. Nilipokuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu, sisi vijana wanne tulipatana kuitumia juma moja ya likizo kuitazama pwani ile ambayo habari zake tulizijua vitabuni tu. Mmoja wetu alikuwa mkimya tangu siku tuliyoondoka, wala hatukujua sababu.

Siku mbili za kwanza tulikaa ufukweni. Sisi watu wa bara tulistaajabu kuona bahari ikiondoka na kuacha mchanga mtupu, ngalawa zimelala ubavu, kisha baada ya saa kama sita maji yakarudi kana kwamba yameitwa. Wavuvi wakatufundisha kwamba mwezi uandamapo, na tena uwapo mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Nayo huitwa bamvua.

Siku ya tatu tulikwenda kwa miguu hata Kaole, upande wa kusini. Huko yapo magofu ya msikiti wa karne ya 13, na makaburi yenye nguzo za mawe. Mikoko imeiziba bandari yake ya kale, na mahali palipotia nanga vyombo sasa pana matope na kaa.

Siku ya nne tukaenda misheni. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika hapo mwaka 1868 kutoka Unguja, wakajenga kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Hapo ndipo ulipolazwa mwili wa Daktari Livingstone mwezi wa Februari 1874. Alikufa mwaka 1873 katika nchi iitwayo sasa Zambia, na watumishi wake wakauchukua mwili wake zaidi ya kilometa 1,500 mpaka pwani. Wakubwa wa safari ile walikuwa Susi na Chuma. Naye Chuma, msomaji, alikuwa ametolewa mikononi mwa wauza watumwa mwaka 1861, angali kijana.

Jioni ile, tulipokuwa tumeketi chini ya mti, mwenzetu yule akafumbua kinywa. Alisema, "Ndugu zangu, wazee wangu wa kale walikuwa katika watu wale waliokombolewa. Nyumbani neno hili halisemwi. Mwaka jana nilipeleka posa, nikakataliwa. Wakasema hawawezi kumwoza binti yao kwa mtoto wa watumwa." Hakuna aliyepata la kumjibu.

Asubuhi yake tulimkuta mzee mmoja akishona nyavu. Tukamwamkia, na mwenzetu akamwuliza, "Babu, jina la mji huu maana yake nini?"

Mzee akajibu, "Wajukuu zangu, wako wasemao kwamba ni kubwaga moyo kwa furaha: mchukuzi aliyetoka bara na pembe begani, akiiona bahari, alitua mzigo na moyo ukatulia. Wako wasemao kwamba mtumwa ndiye aliyeubwaga moyo wake hapa, kwa kuwa mbele yake palikuwa na chombo, na nyuma hakuna kurudi. Njia ilikuwa moja, nao walipita wote wawili."

Mwenzetu akauliza tena, "Na aibu, Babu, ni ya nani?"

Mzee akaweka sindano chini, akamtazama sana. "Aliyefungwa hakujifunga mwenyewe," akasema. "Mwulize aliyeishika kamba."

Siku mbili zilizosalia mwenzetu alizungumza kuliko sisi sote. Usiku wa mwisho alimwandikia baba yake barua ndefu, akimwomba amweleze yote ayajuayo juu ya wazee wao. Leo yeye ni mwalimu kama mimi, na kila mwaka huwasimulia wanafunzi wake habari za Chuma, kisha huwasimulia habari za ukoo wake, bila kuinamisha uso.

Enyi wazazi na walimu wenzangu, watoto wetu husikia uani maneno tusiyodhani kwamba wanayasikia. Mtoto akimwita mwenziwe mtoto wa watumwa, hakulitunga neno hilo, amelipokea kwetu. Tena ziko nyumba zinazokataa posa hata leo kwa neno hilohilo. Basi tuwafundishe habari za njia ile kwa ukweli, ili mzigo wa aibu uwaelemee waliouza watu, wala usichukuliwe tena na vitukuu vya waliouzwa.