Bandari za Kisiwa cha Bornholm

Katika Bahari ya Baltiki kiko kisiwa kiitwacho Bornholm, ambacho ni mali ya Denmark ingawa kiko karibu zaidi na Sweden. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 588 tu, hata mwenye baiskeli aweza kukizunguka kwa siku chache. Wageni wengi hushuka Rønne, bandari kuu, kisha hukimbilia Dueodde upande wa kusini, penye mchanga mweupe ulio laini hata zamani ulitiwa katika vyombo vya kupimia saa. Mchanga huo ni mzuri kweli, lakini mchanga hupatikana mahali pengi. Mimi ningemshauri msafiri azifuate bandari.

Na aanzie kaskazini, kwenye ngome ya Hammershus iliyo juu ya jabali, yapata mita 74 kutoka baharini. Humo, katika mwaka 1660, alifungwa Leonora Christina, binti wa Mfalme Christian IV, pamoja na mumewe; wakajaribu kutoroka, wakakamatwa. Ngome ilipoachwa mwaka 1743 wenyeji walichukua mawe yake wakajengea nyumba zao, mpaka jambo hilo lilipokatazwa mwaka 1822. Nani angewalaumu? Jiwe lililokwisha kuchongwa ni kazi iliyopunguzwa.

Kutoka hapo njia hufuata pwani mpaka Gudhjem, ambako nyumba zimepanda kilima na bandari ni ndogo sana. Maji ya Baltiki hayapwi wala hayajai ila kidogo tu, kwa hiyo mashua hazihofii kuachwa juu ya tope. Hapa samaki wadogo aina ya heringi hukaushwa kwa moshi katika majiko yenye dohani ndefu, nao huliwa juu ya mkate mweusi pamoja na kiini kibichi cha yai. Chakula hicho huitwa "Jua juu ya Gudhjem". Asiyezoea yai bibichi na aonje kwanza.

Lakini asiyefika Nexø, upande wa mashariki, hajakijua kisiwa. Mnamo Mei 1945, watu wa Copenhagen walipokuwa wakishangilia amani, mkuu wa jeshi la Wajerumani kisiwani alikataa kusalimu amri kwa Warusi. Basi tarehe 7 na 8 ndege za Kirusi zikapiga mabomu Nexø na Rønne, na nyumba nyingi zikateketea. Warusi walikaa kisiwani mpaka Aprili 1946.

Nexø ilijengwa upya ikawa bandari kubwa ya wavuvi, iliyotegemea hasa samaki aitwaye torsk. Samaki huyo naye akapungua, hata mwaka 2019 Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku kumvua katika sehemu ya mashariki ya Baltiki. Mgeni atayaona magati marefu kuliko kazi iliyobaki. Na akiisha kuyatazama, apite katika mitaa ya mji, azione nyumba za mbao zilizotolewa na watu wa Sweden baada ya mabomu yale. Watu wangali wakikaa ndani yake.