Urithi wa Hamira

Mpishi wa mahamri akorogapo hamira katika maji ya uvuguvugu hana haja ya kuuliza nani baba na nani mama wa chembe hizo. Swali lenyewe halina jibu. Hamira haina dume wala jike. Ina seli za aina mbili tu, a na alfa, zinazolingana kwa ukubwa, nazo hukutana zikaungana kuwa zigoti moja.

Binadamu hurithi mitokondria, vile vijitanuri vinavyoipatia seli nguvu, kutoka kwa mama. Hamira haijui ubaguzi huo. Kila mzazi huja na mitokondria zake, zikaungana, na DNA iliyomo, yenye jozi za besi zipatazo 85,000, ikachanganyika. Hata hivyo, mseto huo haudumu: baada ya vizazi 20 hivi, kila seli huwa imebaki na DNA ya aina moja. Chipukizi linalotoka upande mmoja wa zigoti aghalabu huchukua urithi wa mzazi wa upande huo; la katikati huchukua mchanganyiko.

Mwaka wa 1949, mjini Paris, Boris Ephrussi na wenzake walieleza habari za hamira dhaifu, ambayo makundi ya seli zake yalikuwa madogo mno kwa kuwa hazikuweza kutumia oksijeni. Ilipozalishwa na hamira nzima, sheria za Mendel zingedai spora mbili nzima na mbili dhaifu katika kila nne. Zote nne zilikuwa nzima! Kasoro, basi, haikukaa katika kiini cha seli. Fumbo lilifumbuka katika miaka ya 1960, ilipothibitishwa kwamba mitokondria zina DNA yake zenyewe.

Lakini wapo wadhaifu wa namna nyingine, na hapa ndipo penye uchungu. Hao wakioana na wazima, huenda karibu watoto wote wakawa dhaifu. DNA yao imepoteza sehemu kubwa, na kipande kilichosalia, kikijirudiarudia, huishinda DNA kamili katika kujinakili. Kurithi kwa wazazi wote wawili, jambo linaloonekana kuwa haki tupu, ndiko kunakoifungulia mlango DNA hiyo isiyofanya kazi yoyote ila kujizidisha. Mzazi mzima hana kosa, ila urithi wake haufiki.

Wala hamira hiyo haifi. Hujikimu kwa kuchachua sukari, na katika sahani ya maabara huonekana kama nukta ndogo kando ya jamaa zake wakubwa.