Kipande cha gazeti

Najua nimepotea. Kazi za gazeti zilinibana, na hata nilipopata nafasi ya kukaa mbele ya kompyuta, jambo lenyewe lilikuwa la aibu. Leo nalisema.

Mdogo wangu wa kike amemaliza kidato cha nne na anataka uuguzi. Si tamaa ya sare nyeupe. Bibi alipopooza upande mmoja, yeye ndiye aliyekuwa akimgeuza kitandani usiku, humu humu kwetu Ng'ambo, kwenye majumba ya Michenzani ambako kupanda ngazi na ndoo ya maji ni kazi tosha. Bibi (ambaye mpaka anafariki aliiita Hospitali ya Mnazi Mmoja "Lenin", jina la baada ya Mapinduzi) akimwita "nesi wangu".

Basi mama akapokea zamu yake ya mchezo, akaniita. "Wewe ndiye uliyefika chuo kikuu, mtafutie mwenzio." Kumbe mwenyewe alikwisha chagua. Akanitolea kipande cha gazeti alichokikata: chuo kimoja cha binafsi, mwaka mmoja tu, kazi nje nje. Nikatazama jina la mwandishi. Langu.

Niliikumbuka siku ile. Tulialikwa uzinduzi, tukala biriani, tukapewa bahasha ya "nauli", nami nikaandika yote aliyosema mkuu wa chuo bila kuuliza swali hata moja.

Safari hii niliuliza. Nilikwenda kama kaka wa mwanafunzi, nikataka kujua cheti chao kinatambuliwa na nani. Karani akanambia, "Usajili uko njiani, kaka." Uko njiani tangu habari yangu ilipotoka!

Hapo ndipo nikaifanya kazi iliyonipasa mwanzo. Kozi lazima itambuliwe na NACTVET, wale waliokuwa wakiitwa NACTE hadi 2021. Mwaka wa kwanza ni ngazi ya 4, wa pili ngazi ya 5, hapo unapata cheti. Wa tatu ngazi ya 6, stashahada. Halafu kuna leseni, na bila leseni hugusi mgonjwa. Na kwa kuwa afya si jambo la Muungano, baraza la wauguzi la Zanzibar ni lake na la Bara ni lake, kwa hiyo mwenye ndoto za Muhimbili aulize mapema.

Nikapanda daladala hadi Mbweni, kwenye kile kilichokuwa Chuo cha Taaluma za Sayansi za Afya, ambacho sasa kiko chini ya SUZA. Majibu yao yalikuwa wazi, na machungu: wanataka ufaulu wa kemia, baiolojia na fizikia. Mdogo wangu fizikia ana F.

Usiku nilimweleza yote, pamoja na biriani na bahasha. Alinyamaza kitambo. "Kwani kaka, ulipoandika hukuuliza?"

Sikuwa na la kusema.

Atarudia fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Fedha za mama zimerudi kabatini. Jioni tunakaa wawili na mambo ya saketi na volti, mimi niliyesoma sanaa nikijifanya mwalimu, na mara nyingi yeye ndiye anayenisahihisha. Kile kipande cha gazeti sijui amekiweka wapi. Naona haya kumuuliza.