Chupa ya Vitamini

Tangu kidato cha pili hadi anaingia chuo, mwanangu alimeza dawa ya homa ya ini B bila kujua kwamba ana homa ya ini. Niliyemficha ni mimi mama yake, tena kwa makusudi.

Hali yangu mwenyewe niliijua siku nilipokwenda kumchangia damu ndugu yetu aliyekuwa anasubiri upasuaji. Damu ikapimwa, nikaitwa pembeni. Tukapimwa nyumba nzima: mume wangu salama, binti salama, kijana wangu ana virusi. Alizaliwa 2004, na chanjo ya homa ya ini B ilikuwa imeshaingia kwenye chanjo za watoto nchini tangu 2002. Alipata zote. Lakini zilianza wiki kadhaa baada ya kuzaliwa, nami nilikuwa nimeshamwambukiza wakati wa kujifungua. Watoto wanaoambukizwa namna hiyo, tisa kati ya kumi hubaki na ugonjwa sugu. Hilo linaniuma, ila sikulijua. Lililofuata nililifanya nikijua.

Vipimo vilipoonyesha ini limeanza kuumia, aliandikiwa tenofovir, kidonge kimoja kila siku. Nilichana karatasi ya maelezo, nikavimimina vidonge kwenye chupa ya vitamini, nikamwambia ni vya kuongeza damu. Kliniki nilikuwa natangulia kuingia mimi, yeye anaitwa kupimwa tu. Kadi yake niliificha kabatini chini ya kanga. Nilishaelezwa kwamba virusi hivi hupita kwenye damu, ngono na uzazi, na kwamba kula sahani moja au kukumbatiana hakuambukizi. Lakini nilikuwa nimemwona jamaa mmoja ukweni akitengewa kikombe chake, watoto wakikatazwa kukigusa, nikaapa mwanangu hatatengewa kikombe.

Akapata chuo mkoa mwingine. Mwenzake wa chumbani alikuwa anasoma famasia. Siku moja akashika kidonge, akasoma herufi zilizogongwa juu yake, akamwambia, "Kaka, hizi ni ARV." Kijana wa watu hakusema uongo, maana tenofovir hutumika pia kutibu VVU. Mwanangu akaamini ana UKIMWI na mama yake anajua. Hakuniuliza. Akaacha dawa, akaacha kupokea simu zangu, akaanza pombe. Angejuaje kwamba ukiikatisha dawa hii ghafla, virusi vinaweza kuamka kwa nguvu na kulishambulia ini upya?

Nilimkuta wodini, macho ya njano, mkojo umekolea kama chai ya rangi. Daktari akauliza dawa ziliachwa lini. Nikafungua mdomo kujibu. "Mama, naomba ajibu mwenyewe." Mwanangu akaniangalia, kisha akamgeukia daktari: "Kwani mimi naumwa nini?"

Mtu mzima, mwenye kitambulisho cha kupigia kura, anamuuliza mgeni ugonjwa aliozaliwa nao.

Yule daktari alikaa naye muda mrefu, nami nikatolewa nje. Ini lilitulia baada ya kurudi kwenye dawa. Siku hizi kadi anayo yeye. Anajua wingi wa virusi vyake kwa tarakimu, mimi sijui, na sasa naona ni sawa nisijue. Anafuata ratiba yake ya picha ya utrasaundi, kwa kuwa ugonjwa huu unaweza kuleta saratani ya ini. Wembe wake hauazimwi. Pombe hagusi. Karanga zenye ukungu anatupa, kwa ajili ya sumukuvu, na mitishamba niliyoletewa na jirani aliikataa mbele yangu. Mchumba wake amemweleza yeye mwenyewe hali yake. Mchumba huyo akapimwa, akachanjwa. Yote haya angeweza kuyajifunza nyumbani akiwa na miaka kumi na mitano, nikiwa karibu wa kumkumbusha. Msamaha ameniambia bado anautafuta, na sina haki ya kumharakisha.

Wazazi wenzangu mliofungia kadi za watoto makabatini, zitoeni leo. Mwambie mwanao jina la ugonjwa wake na jina la dawa anayomeza, na umwambie kwamba dawa hiyo hutibu pia ugonjwa mwingine ambao yeye hana. Ayasikie kwako kabla hajaondoka nyumbani.